Milioni mbili na laki nne kwa injini ambayo haijafa

Niko Leeds, Uingereza, zamu ya usiku ya kutunza wazee, ujumbe wa dogo unaingia kutoka Mwanza: "Kaka, gari limenoki. Fundi anasema ni injini nyingine tu, milioni mbili na laki nne, itumwe leo leo kabla hajaiuza kwa mtu mwingine."

Hiyo "leo leo" ndiyo iliyonipandisha hasira. Kila aliye huku anaijua. Kiwanja leo leo, mchango leo leo, na sasa injini. Aprili 2025 kima cha chini hapa kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Ukitoa kodi, pango na gesi ya kupasha nyumba, pigeni wenyewe hesabu ni usiku ngapi wa kuwageuza wazee kitandani.

Na gari lenyewe si la starehe. Ni Toyota IST ya biashara. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, dogo anapeleka abiria Sengerema bila foleni ya kivuko, na ada za watoto wa dada zinatoka humo.

Nikampigia nikamuuliza, mlio unatokea wakati gani? Akasema gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukikanyaga mafuta, unapungua. Hapo nikashtuka. Mimi nimekulia Nyakato katikati ya magereji. Injini ikisemwa imenoki, kinachotajwa ni beringi ya konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Beringi hiyo ikishalika, mlio wake ni mzito, unatoka chini, na unazidi injini ikibeba mzigo. Ungemsumbua akiwa anapanda mlima wa Bugando, si akisubiri abiria. Nikamwambia achomoe kijiti cha oili. Oili iko kwenye alama, haina vumbi la chuma linalometa. Taa ya oili haijawahi kuwaka.

Nikamkataza asitoe hata mia. Nikamwambia alivute gari mpaka kwa mzee mmoja wa Nyakato, fundi wa siku nyingi, kisha anipigie kwa video.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyamaza kwanza, nilisikilize."

Ndugu zangu, nimemwangalia yule mzee kwa simu nikajisikia niko nyumbani kabisa. Aliwasha injini akawa anachomoa soketi ya koili moja moja na kuirudisha. Silinda ikinyimwa moto, konrodi yake inapata nafuu, na mlio ungebadilika pale pale. Haukubadilika hata kwa silinda moja. Akatoa feni belti, akawasha kwa muda mfupi tu: bado inagonga, kwa hiyo si alteneta wala pampu ya maji. Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Juu kwenye tapeti, zinakosukumwa vali, kumetulia. Kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, mlio unasikika kwa mbali. Alipogusa pale injini inapoungana na giaboksi akakunja uso, akampa dogo bisibisi: "Sikiliza mwenyewe."

Wakazima, wakafungua kifuniko cha chini, dogo akawa anazungusha krenki kwa spana taratibu huku mzee amelala chali na tochi. Bolti zinazobana konveta ya giaboksi kwenye flaiwili, gurudumu la nyuma ya krenki linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi: moja haipo, mbili anazizungusha kwa vidole. Sasa jiulizeni nani aliigusa giaboksi hiyo mara ya mwisho. Ni huyo huyo fundi wa milioni mbili na laki nne. Aliishusha kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, akalipwa, akaacha bolti hazijakazwa. Leo anataka kuniuzia injini kwa ugonjwa aliouweka mwenyewe!

Huku gari likifika miaka 3 linapimwa kila mwaka, na ada ya kipimo sheria imeiwekea kikomo, pauni 54.85. Likigonga ukalipeleka gereji, hata kusikilizwa unalipia. Nalalamika sana, lakini karatasi ya walichokikuta unaondoka nayo mkononi. Kwetu wa kukuandikia karatasi hiyo ni nani?

Kwa hiyo unayejiandaa kuja huku na kuacha gari la biashara, tafuta fundi wako kabla ya tiketi. Mlio ukianza, dereva aurekodi injini ikiwa ya baridi, aurekodi tena ikishapata moto. Ukiambiwa konrodi, sema sampo ishushwe kwanza na beringi iliyolika uoneshwe kwa video, maana kushusha sampo ni kazi ndogo na hela yake haikaribii ya injini. Usitume pesa kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine.

Mzee alitaka elfu thelathini na tano, kazi pamoja na bolti mpya. Nilituma laki kwa furaha. Akachukua yake, iliyobaki akamrudishia dogo mkononi akamwambia akanunue oili na filta, kilomita zimefika. "Kaka yako halali usiku kwa hela hii," alimwambia. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo tangu nianze kutuma pesa nyumbani.

Gari limerudi barabara ya Sengerema. Yule wa kwanza bado anampigia dogo simu: injini imeshuka bei, sasa ni milioni mbili kamili.