Tulivyojifunza kuwasaidia yatima kupitia bibi zao

Nilizaliwa Kilolo, mkoani Iringa, nikalelewa na bibi. Leo naishi Saint Paul, Minnesota. Mimi ni nesi, mume wangu ni fundi umeme, Mmarekani, Mlutheri kama mimi. Tulifahamiana kupitia Bega kwa Bega, ule ushirika wa Walutheri wa huku na Dayosisi ya Iringa ulioanza miaka ya 1980. Tuna watoto wanane. Watatu nimewazaa, wawili tuliwaasili hapa hapa Minnesota, na watatu, ndugu wa tumbo moja, tuliwaasili kutoka Wolayta, kusini mwa Ethiopia, mwaka 2011.

Wengi huniuliza tunawezaje kulisha watu kumi. Hilo si gumu kama linavyoonekana. Mchele tunanunua gunia la pauni 50, maharage napika sufuria moja kubwa Jumamosi, na kila mtoto aliyefikisha miaka kumi ana siku yake ya kufua. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni woga wa njaa. Yule wa katikati kati ya wale watatu alikuwa na miaka sita alipofika. Nilikuta mkate chini ya mto wake, wali ndani ya soksi, mfupa wa kuku nyuma ya kabati. Mwanzoni nilimkemea, na mpaka leo najuta. Kisha nikaweka kikapu karibu na mlango wa chumba chao, chenye ndizi, mkate na chupa ya maji, nikamwambia hiki ni cha usiku, hakuna atakayekuuliza. Kwa miezi saba kilikuwa tupu kila asubuhi. Siku nilipokuta ndizi mbili zimebaki nilikaa sakafuni nikamshukuru Mungu.

Binti mkubwa wa wale watatu alikuwa na miaka tisa, na yeye ndiye aliyetubadilisha. Makaratasi yalisema wazazi wamefariki na hakuna ndugu aliyebaki. Shirika lililotusimamia lilituthibitishia hivyo, nasi tukaamini. Lakini usiku alikuwa akiita mtu usingizini, neno lile lile. Kiingereza alikuwa hajakipata, na Kiamhari changu cha kubahatisha hakikufika popote. Nikampeleka kwa mzee mmoja wa kanisa la Waethiopia aliyekulia Wolayta. Mke wake akakaanga kahawa, wale wawili wakaongea kwa muda mrefu, mimi nimekaa tu natazama midomo yao. Mwishowe mzee akanigeukia taratibu.

"Dada, mtoto anauliza siku hizi ni nani anamchotea bibi yake maji."

Sikuwa na jibu. Mimi, niliyebeba ndoo ya bibi yangu kichwani tangu nikiwa darasa la kwanza, nilikuwa nimemchukua mjukuu wa mtu bila kujua kama yuko.

Ilituchukua karibu miaka mitatu kumpata. Mwaka 2014 tulisafiri wote watano, mimi, mume wangu na watoto watatu. Bibi aliwashika kichwa mmoja mmoja, akawapapasa mabega, akauliza kama wanakula. Hakudai warudi. Alisema mguu wake umekwisha na shamba limemshinda, ila anataka kusikia sauti zao kila mwezi. Ethiopia ilipopiga marufuku raia wa nje kuasili watoto, Januari 2018, marafiki zetu wengi kanisani walihuzunika. Mimi niliielewa sheria ile. Wanangu nawapenda kuliko ninavyoweza kuandika, na bado najua kuna nyumba iliyobaki na pengo ili yangu ijae.

Tangu hapo nilianza kuyatazama kwa jicho jingine mambo ya nyumbani pia. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunatuma dola 240 kila mwezi kwenye kituo kimoja cha watoto yatima mkoani Iringa. Mikoa ya Iringa na Njombe iliumizwa vibaya na ukimwi, na nilidhani kituo ndiyo njia. Mwaka 2015 nilikwenda kukitembelea. Kijana mmoja wa miaka kama kumi na mmoja alinishika mkono kunionyesha mazingira, akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde. "Ile nyumba yenye moshi ni kwa bibi. Likizo naenda." Nikamuuliza kwa nini haishi kule. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Huku kuna viatu."

Niliporudi tulikaa mezani na daftari. Kuanzia 2016 serikali ya Tanzania iliondoa ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, kwa hiyo kinachomkwamisha bibi ni sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, na paa linalovuja. Hivyo vyote vinahesabika. Tulimjulisha mkuu wa kituo kwamba baada ya mwaka mmoja tutahamishia msaada wetu majumbani. Hatukukata ghafla, kwa sababu kuna watoto waliokuwa wanakula kwa fedha ile, na wengine hawana mtu kabisa, hao kituo kinawafaa. Watoto waliorudi kwa ndugu walirudi kupitia afisa ustawi wa jamii, hatua kwa hatua. Kijana wa ng'ambo ya bonde alikuwa mmoja wao.

Fedha tunatuma kwa simu kwa mhazini wa kikundi cha akina mama wa usharika. Anatoa mbele ya mwenyekiti, wanagawa, bibi anatia dole gumba kwenye kijitabu, natumiwa picha ya ukurasa. Mwaka wa kwanza tulikosea. Tulinunua kuku, kideri kikawamaliza kabla ya Pasaka. Bibi mmoja akanipigia, akaniambia, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza." Tangu siku hiyo wao ndio wanaopanga. Wakaanzisha VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, wananunua hisa kila Alhamisi, na kwa mkopo wao wenyewe wengine wamepanda miparachichi. Tulianza na nyumba sita. Sasa ni kumi na moja, na kiasi tunachotuma ni kile kile.

Ninapousoma waraka wa Yakobo siku hizi, naona anavyowataja yatima na wajane pamoja, pumzi moja. Kwa miaka mingi kanisani kwetu tulisikia neno la kwanza tu. Bibi wengi wa Kilolo ni hao wajane.

Kule Wolayta tunapiga simu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kitinda mimba wa wale watatu lugha imempotea, hivyo bibi humhesabisha moja mpaka kumi, akikosea anaanza upya. Maji anachotewa na kijana wa jirani, analipwa kila mwezi. Binti mkubwa sasa anafanya kazi, na malipo hayo hataki mtu mwingine yeyote ayatoe.