Siku Mshenga Alipoisalimia Kompyuta

Juzi usiku umeme ulikatika, ukarudi baada ya muda, na kitu cha kwanza kuamka nyumba nzima kikawa kompyuta. Friji kimya, taa ya gadi bado inapepesa, yenyewe inazungusha feni kama mtu aliyechelewa kazini. Nikacheka peke yangu. Mke wangu akauliza nacheka nini, nikamjibu neno moja tu, "Mafinga," naye akaanza kucheka.

Ilikuwa ile siku ya utambulisho kwa baba mkubwa, huko Mafinga, wageni wametoka Njombe. Kompyuta ya sebuleni kwake ni Dell ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, ina Linux Mint 20 (mfumo unaoiendesha, badala ya Windows) na Kodi, programu ya kucheza video, na kazi yake ni kwaya na video za familia, basi. Nyuma haina tundu la HDMI. Ina DisplayPort mbili na VGA. Hapo ndipo watu wengi huuziwa kigeuzi cha VGA kwenda HDMI, kisha wanahangaika na sauti mwaka mzima. VGA hubeba picha peke yake. Kigeuzi chake kinachotoa sauti lazima kiwe na kiwaya cha pembeni cha sauti, kwa kawaida cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni. Sisi tulitumia waya wa DisplayPort kwenda HDMI, ule wa bei ya chini usio na saketi kubwa ndani, nao unatosha, maana tundu la kompyuta lenyewe hubadilika likatoa mawimbi ya HDMI, sauti ikiwa humo humo. Ndiyo maana `xrandr`, amri ya kuorodhesha skrini, huiita HDMI-1 ingawa macho yako yanaona DisplayPort.

Sauti haikuwahi kusumbua mpaka siku hiyo.

Chakula kimeliwa, mvua ya Machi inapiga bati, ulanzi unazunguka. Baba mkubwa akaweka video ya sendofu ya dada, nia yake nadhani ni kuwaonyesha wageni kwamba ukoo huu una watu. MC hajamaliza hata kutambulisha meza kuu, umeme ukaenda. Uliporudi tukasubiri gadi. Ile gadi ilikuwa ya friji, iliyohamishiwa kwenye runinga baada ya gadi ya TV kuungua, kwa hiyo inachelewesha umeme kwa dakika kadhaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani, na kwenye BIOS, mipangilio yake ya msingi, imewekwa ijiwashe umeme ukirudi. Shikeni hilo.

Runinga ikawaka, baba mkubwa akaanzisha video tena. Picha safi kabisa. MC anatikisa mkono, anafungua mdomo, watu kwenye video wanacheka, na sebuleni hakuna kinachosikika zaidi ya mvua. Baba mkubwa akapandisha sauti kwa rimoti mpaka mia. Kimya. Mvua ikapungua kidogo, ndipo tukasikia sauti nyembamba mno, ya mtu aliye mbali, inatoka chini ya meza ya runinga. Mama mkubwa alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma, na MC alikuwa humo ndani, anawaomba ndugu wa bwana harusi wasimame. Wote tukageuka. Mshenga, mzee mwenye koti zito na kofia mkononi, akainama taratibu, akasogeza pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akasema kwa adabu zote: "Kamwene."

Hakuna aliyeweza kujizuia. Hata bibi harusi mtarajiwa, ambaye kwa mila alipaswa kukaa ameinamisha uso, tulimsikia huko chumbani.

"Umeme umeunguza kadi ya sauti," akasema kijana mmoja wa upande wao.

Sikuwa na shaka kwamba haijaungua. Kompyuta nyingi za ofisini zina spika ndogo ndani ya kasha, na kama spika hiyo inaongea, basi faili ni zima, Kodi ni nzima, na sauti inatengenezwa vizuri. Imepelekwa kusiko tu. Nikachukua laptopu, nikaingia kwenye ile kompyuta kupitia mtandao, kwa ssh, kutoka kwenye kona ya mkeka. Ingia kwa jina lile lile la mtumiaji aliye kwenye skrini. Ukiingia kama root, yaani mkuu wa mashine, PulseAudio, programu inayogawa sauti, itakukatalia.

Cha kwanza ni `aplay -l`, inayoorodhesha kadi za sauti. Kwenye mashine za Intel za kizazi kile, sauti ya HDMI ni kadi inayojitegemea: kadi 0 inaitwa HDMI, ina vifaa namba 3, 7 na 8, na kadi 1 inaitwa PCH, ndiyo ya hedifoni na spika ya ndani. Vizazi vya baadaye huviweka vyote chini ya PCH, kwa hiyo usinakili namba za mtu bila kutazama zako. Kisha:

`cat /proc/asound/card0/eld#0.0`

Faili hilo ndilo siri ya kazi yote. ELD ni muhtasari wa uwezo wa sauti ambao runinga imejieleza nao. Mistari miwili ya kutazama ni monitor_present na eld_valid. Zikiwa 0, kompyuta haioni masikio upande wa pili, hata kama picha unaiona. Zikiwa 1, jina la runinga huandikwa hapo chini, na tatizo liko juu zaidi, kwenye PulseAudio. Ukikuta 0 kwenye faili hilo, fungua na yale mengine, maana tundu lako linaweza kuwa chini ya namba tofauti.

Kwetu zilikuwa 1. Kwa hiyo:

`pactl list short sinks`

Ikaonekana njia moja tu, ile inayoishia na analog-stereo. Ya HDMI haikuwepo kabisa, wasifu (profile) wake ulikuwa umezimwa. Nikaandika:

`pactl set-card-profile alsa_card.pci-0000_00_03.0 output:hdmi-stereo`

`pactl set-default-sink alsa_output.pci-0000_00_03.0.hdmi-stereo`

Kama runinga yako iko kwenye kifaa namba 7, andika hdmi-stereo-extra1. Namba 8 ni extra2. Kodi iliyokwisha kuanza kucheza inaweza kung'ang'ania njia ya zamani, kwa hiyo nikamwomba baba mkubwa asimamishe video na kuianza upya. Alikuwa amesahau kwamba rimoti iko mia. MC aliunguruma hadi mtoto aliyelala akaamka.

Mambo mengine ya siku ile yalikwenda kama yanavyokwenda. Mahari ilipangwa, watu wakalala.

Usiku nikarudi kwenye chanzo, maana kila umeme ukikatika yangetokea yale yale. Nikazima kila kitu ukutani, nikawasha, nikaliangalia faili la ELD kupitia laptopu kwa amri ya `watch`. Kompyuta ikaamka: 0. PulseAudio ikaanza, ikaona HDMI haina mtu, ikachagua spika ya ndani. Dakika zikapita, gadi ikaachia, runinga ikawaka, 0 ikageuka 1 na jina la runinga likajitokeza. PulseAudio haikujali. Ilikwisha kuchagua. Runinga nyingine hujibu hata zikiwa zimelala, mradi zina umeme; hii gadi ilikuwa imeinyima umeme kabisa.

Dawa rahisi ni kufungua pavucontrol, dirisha la kupanga sauti, na kuizima kadi ya PCH ili ibaki njia moja. Baba mkubwa alikataa, usiku husikiliza redio kwa hedifoni. Kumwambia awashe runinga kwanza, kompyuta baadaye, lilikuwa wazo zuri la kumwambia mtu mwingine.

Nikaamua kuiwekea kompyuta majibu ya runinga, yaani EDID, yale maelezo ambayo runinga hujitambulisha nayo. Runinga ikiwa imewaka, unakuwa root, unatengeneza folda ya /lib/firmware/edid, kisha:

`cat /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid > /lib/firmware/edid/tv.bin`

Pima ukubwa wa faili. Runinga nyingi hutoa baiti 256: 128 za kwanza ni za skrini, na sauti imeelezwa kwenye 128 za pili. Ukipata 128 tu, hakuna sauti humo. Ukipata 0, runinga ilikuwa imezimwa au umechagua tundu lisilo lake. Baada ya hapo, kwenye /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwashia mfumo, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, unaongeza:

`drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/tv.bin video=HDMI-A-1:D`

Ile D kubwa huliambia tundu lijihesabu limeunganishwa, tena kidijitali. Angalia kwamba hapa jina ni HDMI-A-1, la kwenye keneli (kiini cha Linux), wala si HDMI-1 la xrandr. Kisha `sudo update-grub`. Dereva ya picha ikiamka mapema, kabla diski haijafunguliwa, faili halitaonekana. Ukiandika `dmesg | grep -i edid` utaona lalamiko. Hapo unaliingiza kwenye initramfs, kifurushi kinachosomwa mwanzo kabisa wa kuwaka, kwa hati fupi (script) ndani ya /etc/initramfs-tools/hooks, halafu `sudo update-initramfs -u`. Nikamalizia kwa kuandika ule mstari wa set-default-sink, bila neno pactl, kwenye /etc/pulse/default.pa. Mint za sasa, kuanzia 22, zinatumia PipeWire badala ya PulseAudio. Pactl bado inafanya kazi, ila faili hilo la default.pa halisomwi tena.

Tulijaribu runinga ikiwa imechomolewa kabisa. eld_valid ikasoma 1. Kompyuta ilikuwa inazungumza na runinga ambayo haipo, na sauti ikawa inakwenda mahali pake kila umeme uliporudi.

Sijui hata leo kama nilitengeneza au nilifundisha mashine uongo. Mwaka uliofuata wanawe walimnunulia runinga ya inchi 55. Kompyuta, kwa kufuata faili lile, bado inaamini inazungumza na ile ya zamani ya inchi 32, inatoa picha ya 1280 kwa 720, na nyuso za watu zina ukungu kidogo. Ni kazi ya kufuta maneno mawili kwenye grub na kunakili faili upya. Nimemweleza baba mkubwa.

"Sauti inatoka?" akaniuliza.

"Inatoka, baba."

"Basi usiguse."