Mwaka wangu wa kwanza na CML

Kabla ya majibu kuonyesha kwamba nina CML, aina ya saratani ya damu, nilikuwa na kasoro ndogondogo, na kila moja niliipatia sababu yake. Uchovu niliusingizia kazi, jasho la usiku nikalisingizia joto. Nilikuwa nikila kidogo tu nahisi nimeshiba, na chini ya mbavu za kushoto kulikuwa na uzito kama kitu kimepachikwa. Sikuliunganisha hili na lile. Kilichofichua mambo ni kipimo cha damu nilichofanyiwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa: seli nyeupe zilikuwa zimevuka laki moja katika mikrolita moja ya damu, wakati za mtu mzima mwenye afya ni kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Ule uzito wa kushoto ulikuwa wengu uliovimba.

Kisha wakanitoa uboho kwenye mfupa wa nyonga. Ganzi inasaidia sindano ya kuingia, lakini ule mvuto wa kunyonya uboho hausikii ganzi. Ni wa muda mfupi, unavuta hadi mguuni, halafu umekwisha. Ninapo­ulizwa na wengine huwa nawaambia hivyohivyo, maana mimi niliambiwa "hutasikia kitu".

Majibu yalisema ni lukemia sugu ya mieloidi, yaani CML, na kwamba ilikuwa bado katika hatua ya kwanza kati ya tatu. Daktari alitumia muda mrefu kunieleza ilikoanzia, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa maneno ya faraja. Katika seli moja ya uboho, kromosomu ya 9 na ya 22 zilikatika, vipande vikabadilishana mahali. Pale vilipoungana pakazaliwa jeni isiyokuwepo, BCR-ABL, na jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoiamuru seli izaliane bila kukoma. Kromosomu hiyo fupi iliyoharibika iligunduliwa mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford huko Philadelphia, ndiyo maana inabeba jina la mji huo; mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ni vipande vilivyobadilishana. Kwangu jambo kubwa lilikuwa hili: hitilafu hiyo hutokea baada ya mtu kuzaliwa, ndani ya seli za damu. Sikuirithi, na siwezi kumrithisha mtoto wala kumwambukiza mtu. Mama aliposikia hivyo alishusha pumzi. Kumbe siku zote alikuwa akijiuliza amenipa nini.

Nyumbani nilianza kusoma mtandaoni, na hapa nina ushauri mmoja ninaoushikilia: tazama tarehe ya maandishi kabla ya kusoma sentensi ya pili. Imatinibu, kidonge kinachozuia kile kimeng'enya cha CML, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Yaliyoandikwa kabla ya hapo yanahesabu uhai wa mgonjwa wa CML kwa miaka michache, na hayakuwa uongo wakati ule. Leo mgonjwa aliyeanza dawa katika hatua ya kwanza na ikamkubali anaweza kuishi karibu sawa na wenzake wa rika lake. Pia soma kuhusu aina yako tu. Zipo lukemia kali zinazotibiwa kwa njia nyingine kabisa, na kuzisoma usiku wa manane hakumsaidii mtu mwenye CML.

Mwanzoni nilipewa haidroksiyurea ya kushusha seli nyeupe haraka, pamoja na alopurinoli na agizo la kunywa maji mengi ili mabaki ya seli zinazokufa yasiumize figo. Kipindi hicho kilipita. Baadaye ikaja imatinibu, miligramu 400 mara moja kwa siku.

Imatinibu inataka chakula na bilauri kubwa ya maji, la sivyo tumbo linalipiza. Niliihamishia kwenye mlo mkubwa kuliko yote wa siku, nikawa sijilazi mara baada ya kumeza, na kichefuchefu kikapungua hadi nikakizoea. Misuli ya mashavu ya miguu ilikuwa ikikaza usiku hadi naruka kitandani. Asubuhi kope zilikuwa zimevimba, watu wakadhani nimelia. Nilimuuliza daktari yapi nivumilie na yapi nimpigie simu siku hiyohiyo, akaniandikia: homa, kutokwa damu bila sababu, kushindwa kupumua vizuri, uzito kupanda ghafla pamoja na uvimbe, macho kuwa ya njano. Mengine tungezungumza kliniki. Karatasi ile ilinipa usingizi kuliko kidonge chochote.

Wiki za mwanzo damu ilipimwa mara kwa mara, na kuna wakati chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilishuka mno, dawa ikasimamishwa kidogo kisha nikarudishwa. Kusimamisha huko ni uamuzi wa daktari. Mgonjwa akijisimamishia mwenyewe kwa sababu tumbo limechafuka, seli zenye hitilafu zinapata nafasi.

Na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Miezi kadhaa ilipopita nilijisikia mzima: wengu umerudi mahali pake, jasho limekwisha, nguvu zimerudi. Mtu anayejisikia mzima hakumbuki dawa. Nina kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki, kwa hiyo sihitaji kujiuliza kama nimemeza au nimedhani nimemeza. Simu inalia saa ya mlo. Dozi moja inakaa kwenye mkoba wa kazini, na dawa mpya naifuata wakati bado nina za wiki mbili. Balungi nimeliacha, kwa kuwa huongeza kiwango cha dawa hii mwilini, na hakuna kidonge kingine ninachomeza, hata cha mafua, kabla sijauliza.

Mjomba wangu alikuja na chupa ya mitishamba. Nilimwambia, "Mjomba, nashukuru kwa kunihangaikia, ila dawa yangu hii inagombana na baadhi ya mimea, mingine inaipunguza nguvu, mingine inaizidisha. Niache nimuulize daktari kwanza." Hakununa. Nadhani angenuna kama ningeiita chupa yake takataka.

Ndugu wengine walinisumbua kwa namna tofauti. Walikuwa na picha yao ya mgonjwa wa saratani, nami sikufanana nayo. "Mbona nywele unazo?" "Kidonge tu? Basi si saratani hiyo." Nikisema nimechoka, wananiangalia usoni na kusema nimenawiri. Nilichoka kueleza, nikamwomba dada yangu awe msemaji. Yeye hueleza mara moja, kwa ukali kidogo, na mazungumzo yanahamia kwingine. Kazini nilimwambia msimamizi wangu peke yake, kwa sababu ya ruhusa za kliniki.

Kila baada ya miezi mitatu kuna kipimo cha PCR, kinachohesabu BCR-ABL iliyobaki. Lengo la miezi mitatu ni asilimia 10 au chini, miezi sita asilimia 1, mwaka mmoja asilimia 0.1. Kila hatua ni kugawa kwa kumi, kwa hiyo kutoka 10 hadi 1 ni safari sawa na kutoka 1 hadi 0.1, ingawa machoni inaonekana fupi. Ni vizuri kupima katika maabara ileile, maana maabara mbili zinaweza kukupa namba zisizolingana ukapaniki bure. Siku za kusubiri majibu sifai kwa lolote, na nyumbani wameshajua.

Miezi mitatu nilikuwa na asilimia 7, nikafurahi. Miezi sita 1.3, juu kidogo ya lengo. Swali la kwanza la daktari lilikuwa kama kuna dozi nilizoruka, la pili dawa gani nyingine natumia. Nilimwonyesha kisanduku. Alisema hilo ni eneo la tahadhari, bado si la kushindwa, tukaendelea. Mwaka ulipotimia ikawa 0.2.

Sasa mjadala ni kama nibaki na imatinibu au nihamie dasatinibu au nilotinibu, ambazo zina nguvu zaidi na madhara yake zenyewe: ya kwanza inaweza kujaza maji kuzunguka mapafu, ya pili huhitaji uangalifu wa moyo na mishipa. Nilimuuliza pia kuhusu wale wanaoacha dawa kabisa. Wapo, lakini ni baada ya miaka ya matibabu na majibu ya chini sana yaliyodumu, tena kwa kupimwa kwa karibu. Mimi sijafika huko.

Nimechagua kusubiri kipimo kimoja zaidi, kwa kuwa namba bado inashuka na mwili umeizoea dawa hii. Dada yangu angependa nibadilishe leo. Daktari anasema sote wawili tuna hoja, na tarehe ya kutoa damu imeshapangwa.