Kopa ni Kikombe: Nilivyokusanya na Kulinganisha Jozi za Taroti Nikiwa Tanga

Nilipokuwa mtoto pale Ngamiani, nilizoea kuwachungulia wazee wakicheza karata barazani baada ya swala ya alasiri, na jambo moja lilinisumbua bila kupata wa kunijibu: kwa nini karata yenye moyo mwekundu inaitwa kopa? Uru, yenye umbo la kishada, haikufanana na neno lolote nililolijua, na shupaza kwangu ilikuwa jani jeusi lililogeuzwa. Nilikuja kupata jibu nikiwa na umri wa miaka 31, siku ambayo binamu yangu aliye baharia alirudi nyumbani akanikabidhi kisanduku alichokinunua Genoa. Aliniambia, "Ndugu yangu, nimeziona hizi dukani nikakukumbuka wewe na karatasi zako."

Mimi ni fundi wa uchapaji. Kazi yangu ya kila siku ni kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda, kwa hiyo niliingia katika taroti, yaani karata za kale za Ulaya ambazo siku hizi wengi huzitumia kutabiri, kupitia mlango wa karatasi na wino, wala sikuwahi kuvutwa na utabiri. Karata alizoniletea zilikuwa nakala za zile zilizochorwa Milan mnamo 1450 kwa ajili ya ukoo wa Visconti na Sforza, watawala wa mji huo. Nilizifungua usiku, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwenye karata yenye kikombe kikubwa cha dhahabu. Karatasi ya maelezo iliiita aina hiyo coppe. Niliisoma kwa sauti, nikairudia, nikajua kwamba nimeshika kopa yenyewe.

Wareno walipofika pwani yetu kuanzia 1498 walikuwa na karata ambazo alama zake ni vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu, wakiziita copas, ouros, espadas na paus. Nasi tukasema kopa, uru, shupaza na pau. Karata zinazouzwa madukani leo zina alama za Kifaransa, za moyo na kishada na majani, lakini majina ya wazee wetu hayakubadilika kufuata picha hizo. Picha zilizopotea machoni petu zimo katika taroti mpaka leo. Hata neno turufu limetoka kwa Wareno waliosema trunfo, na asili yake ni trionfi ya Kiitaliano, ambayo ndiyo iliyokuwa jina la kwanza la karata hizi; daftari la matumizi la watawala wa Ferrara linazitaja kwa jina hilo mwaka 1442, miaka mingi kabla neno taroti halijasikika.

Jozi kamili ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 56 zinaeleweka kwa mchezaji yeyote wa barazani: aina nne, kila moja kuanzia ree mpaka kumi, kisha ghulamu, bibi na basha, ila kati ya ghulamu na bibi ameongezwa mpanda farasi. Zilizobaki 22 ni picha zinazojitegemea, yaani turufu 21 pamoja na mtu mmoja asiyekuwa na cheo, ambaye mimi namwita Juha kwa sababu sioni jina la Kiswahili linalomfaa zaidi.

Jozi ya pili ilinitia hasara. Niliinunua kwa muuzaji wa mtandaoni kwa shilingi 55,000, nikitafuta ile iliyotolewa London mwezi wa Desemba 1909, ambayo maelezo yake yaliandikwa na Arthur Edward Waite na picha zake zikachorwa na Pamela Colman Smith. Kisanduku kilikuwa kinang'aa, lakini ndani hakukuwa na kitabu, na karata zilipokunjwa kidogo zilibaki na alama ya mkunjo. Nilichukua kioo cha kukuzia tunachotumia kazini nikatazama maandishi ya chini ya karata. Badala ya wino mweusi uliokaa imara, herufi zilikuwa mkusanyiko wa nukta za rangi nne, ishara kwamba mtu alipiga picha jozi iliyokwisha kuchapwa kisha akaichapa upya. Katika karata ya Jua, uso wa mtoto aliyepanda farasi mweupe ulikuwa umezungukwa na mstari mwembamba mwekundu, kwa sababu rangi zilichapwa bila kulingana. Binamu yangu aliponiletea iliyo halali miezi minane baadaye, niliziweka bibi wa shupaza wawili pamoja chini ya kioo. Kila picha ya Smith ina sahihi yake, herufi tatu za jina lake zilizosokotwa kama mzabibu. Kwenye ile ya bandia sahihi hiyo ilikuwa doa.

Doa hilo liliniuma kuliko zile fedha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma habari za mwanamke huyo. Alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika utotoni, akasomea sanaa Brooklyn, na mwaka 1899 akachapisha ngano za Anansi alizozisikia Jamaika, zile za buibui mjanja ambaye watoto wa huku wangemtambua mara moja kuwa ndugu yake Sungura. Alipomaliza picha za taroti aliandika katika barua kwamba amefanya kazi kubwa kwa malipo kidogo sana. Kwa miaka mingi jozi hiyo iliitwa kwa jina la mchapishaji na la mwandishi wa maelezo, yeye akiachwa. Alifariki mwaka 1951. Ndiyo maana mimi huiita jozi ya Smith, na nawaomba wenzangu wanaokusanya wafanye vivyo hivyo.

Mwanzoni nililinganisha vibaya. Nilikuwa naitazama jozi moja tangu karata ya kwanza hadi ya mwisho, naandika daftarini kwamba ni nzuri au si nzuri, kisha nahamia nyingine, na baada ya miezi mitatu daftari langu lilikuwa na sifa tupu. Mambo yalibadilika Jumapili moja nilipotandika mkeka sebuleni na kuitoa karata moja tu kutoka katika kila jozi, ile ya tatu ya shupaza. Kwa wakati huo nilikuwa na nakala ya jozi inayoitwa Sola Busca, ya mwishoni mwa karne ya 15, ambayo asili yake sasa imehifadhiwa katika jumba la Pinacoteca di Brera mjini Milan. Nilikuwa pia na jozi ya Jean Dodal wa Lyon, ya mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo niliichapa mwenyewe kutokana na picha ambazo maktaba ya taifa ya Ufaransa imeziweka wazi kwa watu wote.

Ya Dodal ilikuwa na panga tatu bila mtu wala kisa: mbili zimepinda na kukutana kama mbavu, na moja imenyooka katikati. Zile zilizopinda zilinikumbusha majambia, na si bure, kwa kuwa karata zilifika Ulaya kutoka nchi za Waislamu. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimo karata za enzi ya Wamamluki wa Misri, zenye vikombe, sarafu, panga zilizopinda na fimbo za mchezo wa polo, na wakubwa wake hawakuchorwa sura bali vyeo vyao vimeandikwa: maliki, naibu, na naibu wa pili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Katika Sola Busca, panga tatu zimeuchoma moyo. Katika Smith, moyo ni ule ule na panga ni tatu vile vile, lakini nyuma yake kuna mawingu na mvua inayonyesha kwa mistari ya mshazari. Picha za Sola Busca zilipigwa na kupelekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1907, miaka miwili kabla Smith hajachora zake katika mji huo huo, na wachunguzi wengi wanaamini kwamba aliziona. Mimi, baada ya kuziweka kiganja kwa kiganja, sina shaka. Nikatazama ya Visconti, na hapo nikagundua jambo ambalo nisingeligundua kwa njia ile ya zamani: wino wake ulikuwa wa mkono mwingine. Kumbe zimesalia karata 74 tu za jozi ile, na zilizopotea ni Ibilisi, Mnara, mpanda farasi wa uru na hiyo hiyo tatu ya shupaza, kwa hiyo mchapishaji wa nakala aliajiri mchoraji wa siku hizi azibe mapengo. Ningependelea aniachie mapengo. Nilipoendelea kuchunguza nikaona kwamba hata kati ya zile za kale, turufu sita, zikiwemo Nyota, Mwezi na Jua, zilichorwa na mtu mwingine baada ya wenzake. Nyuso zake ni laini zaidi na ardhi yake inaishia kwenye genge.

Tangu siku hiyo ninalinganisha karata moja kwa juma. Juha peke yake alinichukua majuma mawili. Katika Visconti ni maskini mwenye manyoya kichwani na soksi zilizochakaa. Kwa Dodal anatembea huku mnyama akimparura paja. Kwa Smith ni kijana mwenye waridi jeupe mkononi, amesimama ukingoni mwa jabali, na mbwa mdogo mweupe anarukaruka kando yake. Turufu ya 13 kwa Dodal haina jina lile la kifo ambalo wengine huliandika waziwazi. Na ukizipanga turufu kwa namba utaona kwamba Haki na Nguvu zimebadilishana nafasi: za Kifaransa zinaweka Haki ya 8 na Nguvu ya 11, Waite akageuza. Anayeanza kukusanya na ahakikishe hilo kabla ya kumlaumu muuzaji kwamba amechanganya.

Kuchapa jozi yangu mwenyewe kulinifundisha kuliko kununua. Nilitumia karatasi ya gramu 300, nikakata kwa mashine baada ya saa za kazi kwa ruhusa ya bosi, nikaviringisha kona kwa mkono, zote 312. Picha za Dodal zilichongwa kwenye mbao, na rangi ikapakwa kupitia karatasi zilizotobolewa, ndiyo maana nyekundu ya joho inavuka mstari na kuingia mkononi. Mara ya kwanza niliisahihisha kwenye kompyuta, nikaona picha imekufa, nikairudisha ilivyokuwa.

Mama hakufurahi. Aliikuta karata ya Ibilisi juu ya meza akaniuliza, "Mwanangu, hii siyo ramli umetuletea ndani ya nyumba?" Nilikaa naye chini nikamweleza ninachokiamini, kwamba kwa zaidi ya miaka 300 hizi zilikuwa karata za kuchezea tu, na kwamba madai ya hekima ya siri ya Misri yaliandikwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781 bila ushahidi wowote, ndipo biashara ya kutabiri ikashika kasi. Nilimwahidi kwamba sitamtandikia mtu yeyote karata kumwambia bahati yake. Ahadi hiyo nimeitunza, hata jirani alipokuja akiwa na machozi kwa sababu ya simu iliyoibiwa. Nilimsindikiza kutoa taarifa polisi. Mama bado hataki kuzishika, nami siziachi tena mezani.

Adui mkubwa hapa Tanga ni unyevu. Masika ya pili niliikuta jozi ya Visconti imeota ukungu wa kijivu kwenye kingo, kwa kuwa kisanduku kilikuwa kimegusa ukuta. Sasa jozi zangu saba zinakaa ndani ya makopo ya biskuti ya bati, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya, na kila siku yenye jua kali la upepo wa kaskazi huyafungua makopo kivulini kwa saa moja.

Mwaka jana niliichukua jozi ya Dodal mpaka kwenye baraza ile ile ya utotoni. Mzee aliyebaki kati ya wale niliowachungulia, ambaye sote tunamwita Babu, aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yakiwa tayari kwenye karata. Nilimwonyesha ree ya vikombe nikamwambia ndiyo kopa. Aliishika kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," akasema, "miaka yote hii naita kikombe na mkononi nina moyo." Kisha akataka tucheze. Tukaziondoa turufu zote, Juha na wapanda farasi wanne, zikabaki 52, Babu na wachezaji wenzake wakatoa na zile ambazo mchezo wa wahedi wa sitini hauzihitaji, wakachanga. Raundi ya kwanza ilikwenda polepole, maana panga na marungu ya Dodal yanasukana hata mchezaji anashindwa kuyatofautisha, mpaka nikawaonyesha kwamba yaliyopinda ni shupaza na yaliyonyooka ni pau. Raundi ya tatu hakuna aliyeniuliza tena. Walicheza mpaka adhana ya magharibi, na niliporudi nyumbani nikakuta kona za seti ya kopa zimechanika, kwa hiyo ninawachapia jozi nyingine, safari hii kwa karatasi ya gramu 350.