Kovu halina karatasi

Leo nimemsindikiza ami kufuatilia fidia yake ya ulemavu. Alipigana Vita vya Kagera, akaingia Uganda na wenzake 1979, akarudi kwetu Chake, Pemba, na kipande cha chuma gotini.

Ombi lilikataliwa. Tumekata rufaa.

Kijana wa mezani (ana adabu, sina ugomvi naye) akasema: "Mzee, ulemavu tunauona. Ushahidi kwamba uliupata vitani ndio haumo kwenye faili."

Ami hakujibu.
Akapandisha kanzu juu ya goti, akakishika kidole cha yule kijana, akakigandamiza penye kovu.
"Unakisikia?"

Alikisikia. Uso ulimbadilika, wallahi. Lakini fomu haina pahala pa kuandika hilo!

Sasa tunatakiwa karatasi za matibabu za wakati ule, au barua ya askari aliyekuwa naye kikosi kimoja. Wenziwe wa Pemba wengi washatangulia mbele ya haki.

Jamani, nani mzee wake alishinda rufaa kama hii? Mlianzia wapi?
Na kama mzee wenu alikuwako Kagera na yu hai, nitumieni ujumbe. Ami yuko tayari kumfuata popote, hata Unguja.