Peter Salem wa Framingham na bili ya msiba wetu

Wiki hii ndo tumemaliza kuchangishana msiba wa kaka yetu hapa Massachusetts, Marekani, na ile bili bado imenikaba kooni. Kuhifadhi mwili, jeneza, makaratasi, ndege, imepita dola elfu kumi, wakati Kibaha hiyo hela ni kiwanja na msingi unapandisha. Mtu kapiga shifti mbili mbili kwenye nyumba ya wazee miaka nenda rudi, mwisho anasubiri grupu la WhatsApp limrudishe kwao.

Ndo maana nataka mumjue Peter Salem. Kaburi lake lipo Framingham, mji wa hukuhuku Massachusetts, makaburi ya zamani ya Church Hill, pale ilipokuwa nyumba ya ibada ya kwanza ya mji, amelala na askari wengine wa Mapinduzi ya Marekani, ile vita ya kujitoa kwa Waingereza. Peter, mtu mweusi, alizaliwa mtumwa hapohapo Framingham kwenye 1750 hivi. Vita ilipoanza 1775 mtumwa haruhusiwi kuandikishwa, basi bwana wake Lawson Buckminster akamwacha huru ili aingie jeshini. Akapigana Concord Aprili 19, akapigana Bunker Hill Juni 17, na wengi husimulia kwamba ndiye aliyempiga risasi Meja Pitcairn wa Waingereza, halafu akaenda Saratoga, karibu miaka mitano yuko vitani. Sio kitu kidogo jamani! Mtu akiniambia rudi kwenu, huyo ndo namkumbuka.

Sasa ona walivyomlipa. Vita ilipoisha kwake akajenga kibanda Leicester, mji mwingine wa huku Massachusetts, akawa anasuka viti na vikapu. Uzee na umaskini vilipomzidi akarudishwa Framingham, maana kwa utaratibu wa enzi zile maskini ni mzigo wa mji alikotoka, akafia kwenye nyumba ya maskini mwaka 1816. Jiwe la kaburi hakuna, miaka 66 hakuna! Mpaka 1882 ndo mji ukatoa dola 150 akawekewa. Limeandikwa ni askari wa Mapinduzi, na vita vyake vimepangwa kimoja kimoja, Concord, Bunker Hill, Saratoga. Nilipitisha kidole kwenye zile herufi, fahari na hasira vikanipanda kwa pamoja.

Nyie mnaouza shamba mje huku nisikilizeni, kabla ya gari na sofa kata bima ya maisha hata ndogo, andika jina la atakayelipwa, waambie ndugu zako unataka kuzikwa wapi. Huku hakuna jirani wa kuja na jembe na mwingine na debe la unga.

Sisi huku tumeanzisha mfuko wa msiba wa kila mwezi. Wapo waliotaka asiyechangia afutwe. Nimebishana nao mpaka usiku, na sasa imeandikwa kwenye katiba kwamba aliyeacha kazi kwa ugonjwa au uzee anabaki mwanachama hata kama hatoi senti.