Kamrejesha nini?

Kanda ile mjomba aliirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya gramafoni ya rafiki yake. Kwa hiyo ndani yake mlikuwa na mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, mkwaruzo wa sindano, jogoo mmoja, na mtu anakohoa. Bibi hayo hayakumshughulisha. Kila baada ya alasiri aliitia, akakaa mkekani na ungo wake wa mchele, midomo ikicheza bila sauti.

Nilikuwa darasa la tano, nimekwenda kwake Ng'ambo, mjini Unguja, likizo ya skuli, na nilikuwa na daftari la nyimbo. Nilikuwa nimeshaandika nyingi za redioni. Ya Siti nikaona nitaimaliza kwa siku moja. Upande wa santuri wenyewe haufiki dakika nne.

Ilinichukua wiki. Fidla inapanda juu ya sauti, sauti inazama kwenye mkwaruzo, na Siti anavuta silabi mpaka husikii neno lilipoanzia. Narudisha kanda, nasikiliza, narudisha tena. Bibi akigomba: "We mtoto, utaikata hiyo kanda!"

Ubeti wa kwanza lakini niliupata. Tazameni alilofanya Kijiti: kamchukua mgeni, kumchezesha foliti, kenda naye maguguni. Basi nikafurahi! Foliti si mchezo wetu wa kufukuzana, tunaoucheza kila jioni uchochoroni? Na Kijiti si jina la utani la mtoto mwembamba? Sisi wenyewe tulikuwa na mmoja, miguu kama njiti za kiberiti. Maguguni ndiko kujificha. Lilibaki neno moja la mwisho, nalo lilifunikwa na yule mkohozi. Nikaandika kwa wino: kamrejesha wakati. Yaani kamrudisha kwao mapema, kabla ya magharibi, kama Bibi anavyotaka turudi.

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha vina na mizani, nikahesabu kwa vidole. Kina ni -ti, sawa. Mizani nane, sawa. Nikampelekea Bibi daftari nimsomee, maana yeye kusoma kwake ni msahafu tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaendelea kupepeta.

Hiyo "haya" ilinikera. Bibi alimwona Siti kwa macho yake, alipokuwa kigori, na habari zake hakuwa akichoka kuzisimulia: mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu vya mama yake, akaja mjini, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutiwa sauti kwenye santuri. Kwa nyimbo nyingine alikuwa akinisahihisha kabla sijamaliza mstari. Kwa huu, haya.

Siku ya mwisho ya likizo betri zilikuwa zimechoka. Tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi, lakini zikapata nguvu kidogo tu. Kanda ikawa inajikokota, Siti akaimba kwa sauti nzito kama ya mwanamume, neno moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Kikohozi nacho kikarefuka, kikawa kama ngurumo ya mbali. Na nyuma yake, polepole, likatoka: ma… i… ti.

Nikamtazama Bibi. Ungo ulikuwa umesimama.

"Maiti, Bibi?"

"Maiti."

Akaizima redio ndipo akanieleza. Kijiti hakuwa mtoto, wala ile haikuwa hadithi ya kutungwa. Alikuwa mtu mzima wa hapa hapa Unguja, na mgeni alikuwa mwanamke mja mzito, aliyechukuliwa matembezini usiku asirudi hai. Muuaji alitoroka. Waliokwenda kusema walichokiona ndio waliofungwa.

"Mashahidi ndio wakafungwa?"

"Ndiyo maana Siti akaimba. Ungetaka aseme wapi?"

Nikamuuliza kwa nini aliniacha niandike uongo kwa wino. Akauokota mchele mmoja uliodondoka mkekani, akaurudisha ungoni. "Wako ulikuwa na vina," akasema.

Alasiri ile watoto wa jirani walikuja mlangoni kuniita tukacheze foliti. Nikawaambia nina homa.